Mstari wa Sita kwenye Fomu ya Safari

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya kukaa kati ya shule na wazazi wetu, iwe Louisville, Columbus au Buffalo, mmeniomba niandike ninayoyajua. Nilisoma hadi darasa la saba tu, katika shule ya turubai kambini Kigoma, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Kazi hii niliifanya miaka kumi na sita katika shule moja ya msingi ya Louisville. Kiti changu kilikuwa ofisini, karibu na mlango wa nesi, na chombo changu cha kazi kilikuwa simu.

Kila asubuhi nilipewa karatasi ya vikumbusho. Kesho ni siku ya picha. Ijumaa watoto watatoka mapema. Theluji imezidi, msiwaache watoto kituoni, basi haliji. Nilipiga simu nyumba moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, na kwa Warundi wenzangu kwa Kirundi.

Jambo la kwanza, jifunzeni saa za watu. Aliyefanya zamu ya usiku analala saa nne asubuhi, msimwamshe kwa ajili ya siku ya picha. Aliye kwenye ghala, simu yake imefungiwa kabatini, na mtampata kwenye mapumziko tu. Nilikuwa na daftari la mapumziko ya kila mzazi. Lilinisaidia kuliko kompyuta waliyonipa.

La pili, mkipiga simu, kabla hamjataja hata jina lenu, semeni, "Mtoto hajambo." Hili nilijifunza kwa makosa. Nilimpigia baba mmoja nikaanza, "Baba, nakupigia kutoka shuleni," na kabla sijaendelea alikuwa ameshakata simu. Baada ya robo saa aliingia ofisini na koti la kazi, anahema, anauliza mtoto yuko hospitali gani. Nilitaka kumwambia tu kwamba kesho yake ilikuwa siku ya kuja shule na nguo za kulalia. Ikabidi nimwambie palepale, jasho linamtoka.

"Kwa hiyo kesho watalala huku?"

"Hapana, baba. Watasoma."

"Watasoma na nguo za kulalia."

"Ndiyo."

"Na walimu?"

"Na walimu pia."

Alifuta jasho kwa mkono wa koti. "Mama Elia, mimi nimekimbia vita. Usinichezee."

Tangu siku hiyo, kila simu niliianza na mtoto hajambo. Wazazi waliizoea, wengine waliipokea kwa kunitania: "Hajambo, tumeshajua, haya sema unataka nini." Mara moja tu nilishindwa kuisema. Nitafika huko.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mkongo wa Bukavu, tulimwita Papa Faustin, Kifaransa chake kikiingia ndani ya Kiswahili. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kupanga maboksi, mgongo ukamkataa, ndipo akaja shuleni. Alivaa tai kila siku, hata siku ya nguo za kulalia alivaa tai juu ya pajama. Nilipokuwa mgeni kazini niliwasaidia wazazi kupita kiasi. Mwalimu akisema mtoto ni msumbufu, mimi nilitafsiri kwamba ni mchangamfu. Papa Faustin alinisikia siku moja, akaningoja hadi mzazi atoke.

"Bon. Mama Elia, ule mwalimu amesema nini?"

"Amesema mtoto anasumbua."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema ni mchangamfu."

"Donc umemuibia mzazi. Sikia, mama. Hapa wewe uko mdomo tu. Tumekukopesha kwa watu wawili. Kile wanasema, sema. Kama iko chungu, sema na uchungu yake. Usikuwe na huruma ya kukata maneno ya watu."

Nilimwambia nimeelewa. Nilidhani nimeelewa.

Sasa safari za darasa. Hapa ndipo wazazi wetu na shule wanapopotezana zaidi. Barua inasema mtoto aje na chakula ndani ya mfuko unaoweza kutupwa, mama mmoja ananiuliza kwa nini apike chakula cha kutupa. Nikamweleza ni mfuko unaotupwa, si chakula. Siku ya safari mtoto akaja na sufuria ya wali na maharage, imefungwa kwenye kitenge kizuri, na ndani ya kitenge kuna mfuko mtupu wa karatasi, ili apate cha kutupa. Tulicheka sana, na mama mwenyewe alicheka nilipomsimulia.

Lakini kikubwa kwenye safari ni fomu ya ruhusa. Bila fomu yenye saini, mtoto habebwi. Wenzake wanapanda basi, yeye anapelekwa kukaa na darasa jingine na karatasi ya kupaka rangi. Na waliobaki mara nyingi walikuwa wa kwetu. Jambo hilo liliniuma, nikaapa kwamba katika shule yangu hakuna mtoto wa Kiswahili atakayeachwa. Nilifuata fomu hadi majumbani. Nilizijaza mezani kwao, wao wakaweka saini. Mwaka wa pili hakubaki hata mmoja, mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wote, nami nikavimba kichwa. Nayaandika haya ili mjue nilikuwa na haraka ya kitu gani.

Mstari wa sita wa fomu ile uliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote ambao walimu wanapaswa kuujua. Wazazi wote walijibu hapana. Wote. Nyinyi mliozaliwa au kukulia hapa mtashangaa, lakini sisi tuliotoka kambini hatukushangaa. Kule tulikaa miaka tukingoja majina yetu yatoke ubaoni, ya kuja Amerika, na kila mtu alijua familia ambayo faili lake lilisimama kwa sababu mmoja wao alikohoa mbele ya daktari. Tukajifunza. Karatasi ikiuliza una ugonjwa, huna. Mtoto ana ugonjwa, hana. Hata aliyekuwa na jeraha linatoa maji alisema hana. Tulipanda ndege na jibu hilo mdomoni, tukafika nalo, tukaendelea kulijaza kwenye kila fomu ya Amerika. Mimi mwenyewe nililijaza kwa Elia, mwanangu, ambaye karanga zilikuwa zinamvimbisha uso.

Mwaka wangu wa kumi kazini, Aline alikuwa darasa la tatu. Mama yake ni Mkongo wa Fizi, tulikuwa kambi moja ingawa hatukujuana kule. Baba yao alifia huku, kabla Jonas hajazaliwa. Mama alikuwa akifunga mizigo kwenye ghala, na huyo Jonas alikuwa bado mchanga. Aline alikuwa mwembamba, macho yake yalikuwa na manjano kidogo, na alikuwa na tabia ya kuja ofisini kwangu asubuhi kunisahihisha Kiingereza. Mimi nikimsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, kisha anasema polepole kama anayefundisha mtoto. Mwaka uliotangulia yeye peke yake kati ya watoto wetu alikuwa amebaki na karatasi ya kupaka rangi, kwa sababu fomu ilipotea kwenye begi. Alilia siku mbili.

Vuli ile darasa lao lilikuwa linakwenda shamba la maboga, nje ya mji. Nilikwenda kwa mama yake na fomu. Alikuwa amesimama anasonga ugali, Jonas mgongoni. Nikasoma mstari kwa mstari, nikafika wa sita.

"Andika hapana," akasema.

Nikaandika. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Iko na selimundu. Lakini usiandike, dada."

Kalamu ikasimama.

"Daktari anajua?"

"Daktari anajua, anamupa dawa. Lakini shule ni ingine. Wakiona ugonjwa watamuacha tena. We ulimuona vile alilia."

Nilijua selimundu ni nini, ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Mdogo wangu alikufa nayo. Nilijua baridi, kiu na kukimbia vinaweza kuwasha maumivu. Nilijua pia kwamba nesi akiona neno lile hatamzuia Aline. Atampa mwalimu karatasi ya maelekezo: maji mara kwa mara, nguo za joto, na akisema anaumwa, piga simu mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kumwambia mama hivyo. Ingenichukua dakika kumi. Lakini nilikuwa na nyumba nyingine tatu jioni ile, na nikaona kuandika "ndiyo" kutaleta simu za nesi, na barua ya daktari, na huenda siku ya safari ikafika karatasi hazijakamilika, na Aline akabaki, na hesabu yangu ya watoto wote ikaharibika. Nikasema, "Haya." Mama Aline akapangusa mkono, akaweka saini.

Siku ya safari upepo ulikuwa mkali. Mimi nilibaki ofisini. Yaliyotokea shambani niliyasikia baadaye kwa mwalimu wao. Aline alikimbia na wenzake asubuhi yote. Saa sita akasema miguu inauma. Mwalimu akadhani amechoka, akamwambia akae kwenye benchi, halafu akamwona ametulia sana akadhani ni baridi, akamwambia atembee tembee apate joto. Hakuwa mwalimu mbaya. Alifanya kile ambacho mtu hufanya kwa mtoto mzima, na karatasi aliyokuwa nayo mfukoni ilisema huyu ni mtoto mzima.

Basi liliporudi, watoto wote walishuka isipokuwa yeye. Nilipanda kumchukua. Alikuwa amejikunja kwenye kiti, anapumua kwa vipande. Nilimuuliza anaumwa wapi, akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya shuleni. "Mama Elia, kifua."

Nilimwambia nesi palepale. Sikusema ninajuaje. Nilisema, "Nafikiri ni selimundu," na gari la wagonjwa likaitwa. Kisha nikafungua daftari langu, nikaona mapumziko ya Mama Aline yataanza baada ya dakika tano, nikangoja dakika tano, nikapiga. Akapokea. Nikafungua mdomo na maneno yangu ya kila siku hayakutoka. Kimya changu kilitosha. Akasema tu, "Wapi?"

Aline alikaa hospitali siku nne. Mapafu yalishindwa. Siku ya nne alikufa.

Wiki ileile mwalimu mkuu aliniita, mlango ukafungwa. Fomu ilikuwa mezani. Akaniuliza kwa upole kabisa kama mama alipata kutaja ugonjwa huu. Nikasema hapana, hakutaja. Hayo maneno mawili niliyasema bila kujikwaa. Kiingereza changu hakijawahi kuwa safi kama siku ile.

Mazishi yalifanyika kanisani kwetu. Kwaya iliimba, watu wakapita kumshika Mama Aline mkono, na mwalimu wa Aline pia akaja. Aliinama mbele yake, analia, akaniomba nimtafsirie. Alisema hivi, na sijalisahau neno hata moja: "Sikujua kwamba anaumwa. Kama ningejua, nisingemwacha ashuke kwenye basi. Alipokaa kwenye benchi nilikuwa na blanketi ndani ya basi, nyuma ya kiti changu, na sikumpa. Nisamehe."

Mama Aline akanitazama. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anakupa pole. Anasema alimpenda sana Aline."

Mwalimu alikuwa amesema sentensi nne na mimi nilirudisha mbili fupi. Mama Aline hakuwa mjinga. Alimtazama yule mama aliyekuwa akilia mbele yake, akauondoa mkono wake polepole mikononi mwake.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ile ilikuwa huruma, kwamba hapakuwa mahali pa kumkumbusha ile fomu mtoto akiwa ndani ya sanduku. Ilikuwa woga. Ningetafsiri sawasawa, angejibu mbele ya watu wote, "Lakini Mama Elia nilimwambia." Papa Faustin alikuwa amesimama nyuma yangu, na yeye Kiingereza alikijua. Tulipotoka nje alivuta tai yake, akaniambia, "Mama, utarudisha yale maneno siku gani?" Alikufa miaka michache baadaye bila kuniuliza tena.

Niliendelea na kazi. Nilikuwa makini kupita wote. Mstari wa sita niliusoma mara tatu kwa kila mzazi, niliwaeleza nesi atafanya nini, niliketi hadi waamini, na wengi waliamini. Watu walinisifu kwa uvumilivu wangu. Kila sifa niliipokea nikitazama chini, wakaongeza kwamba nina unyenyekevu.

Mama Aline alihama akaenda kwa dada yake, Tonawanda, karibu na Buffalo, akapata kazi kiwandani. Mimi nilipostaafu nilikwenda kwa Elia, Westerville, karibu na Columbus, kulea wajukuu wasionielewa vizuri. Tulikuwa tunapigiana simu, Mama Aline na mimi, Krismasi na Pasaka. Aliniita dada. Mwaka jana akanipigia siku ya kawaida.

"Dada, nakuomba kitu. Uongee na shule ya Jonas, we unajua kusema nao. Uwaambie wasinitumie tena hizi karatasi za safari. Jonas haendi. Hata mwaka ujao haendi. Tangu aanze shule sijamuruhusu, na bado wanatuma."

"Jonas mwenyewe anasemaje?"

"Analia. Alie." Akavuta pumzi. "Na yeye iko na ile ugonjwa, dada. Nilipoteza mmoja juu ya mwalimu mwenye aliona mtoto anaumwa akamuangalia tu. Siwezi kuwapa wa pili."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa miaka yote ile mimi nilihesabu uongo wangu kama mzigo wangu. Kumbe yeye alikuwa amejaza pengo nililoliacha kanisani kwa kitu kingine: kwamba mwalimu alijua, akapuuza. Na Jonas, miaka minane, alikuwa anapaka rangi karatasi peke yake kwa sababu yangu.

Nikamwambia hilo siwezi kulisema kwa simu, nakuja. Elia alinuna, akasema ni saa nyingi kwenye basi kwa magoti yangu. Nilikwenda.

Alikuwa na siku moja ya mapumziko. Alinipikia sombe ya majani ya muhogo na samaki. Jonas alinisalimia kwa Kiingereza, akaenda sebuleni kwenye televisheni yake. Nikamwambia mama yake aketi. Nilimweleza fomu, na kwamba nilijua hawatamwacha Aline, nesi angempa tu mwalimu maelekezo ya maji, nguo za joto na simu, na sikumwambia. Nilimweleza yale niliyomjibu mwalimu mkuu. Kisha nikamtafsiria mwalimu, sentensi kwa sentensi, pamoja na blanketi.

Hakulia. Alikuwa ameshika kitambaa cha mezani, anakikunja.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hakujua."

"Hakujua."

"Mimi na wewe tulijua."

"Ndiyo."

Akaketi hivyo hadi mchuzi ukashika ngozi juu. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilimunyima mkono, ule mama. Mbele ya mtoto wangu." Akaondoka mezani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nilimpa Jonas chakula. Nililala kwenye kiti cha sebuleni, na hakuna aliyenipa shuka, na sikuomba.

Asubuhi alitoka na sare ya kiwanda. Aliweka mezani fomu ya safari ya Jonas, na kalamu juu yake.

"Soma."

Nikasoma mstari kwa mstari. Jina, darasa, tarehe, mahali waendako, namba ya simu. Nilipofika wa sita nikashika kalamu. Akanyoosha mkono, akaichukua kutoka kwangu.

"Usiandike wewe," akasema.

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea, SELIMUNDU, kwa Kiswahili hivyohivyo. Akaongeza chini yake, kwa Kiingereza alichojifunza kiwandani, maneno matatu: maji, joto, simu. Nikataka kumwambia nesi atahitaji pia barua ya daktari. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akamwita Jonas avae koti, wakatoka pamoja. Mimi nilifunga mlango mwenyewe nikaenda kituo cha basi.

Hajanipigia tena, Krismasi wala Pasaka. Sikumlaumu na sitamlaumu. Mwezi ule wa safari, simu yangu ilipokea picha kutoka namba yake: Jonas amesimama mbele ya ng'ombe, makoti mawili, chupa ya maji shingoni kwa kamba, na nyuma yake mwalimu ameshika blanketi. Aliyetuma ni Jonas, aliandika kwa Kiingereza kwamba yule ng'ombe anaitwa Betty. Mama yake hakuandika kitu.

Picha hiyo ninayo. Nyinyi mnaoanza, mkifika mstari wa sita, wekeni kalamu chini kwanza.